Wagiriki na Warumi kwa Msomaji wa Simiyu: Pa Kuanzia, cha Kuchukua, cha Kukataa

Mto Simiyu hauishii ziwani. Unamwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Ziwa nalo linatokea Jinja, Uganda, na kuwa Nile, na Nile inamaliza safari yake Misri, si mbali na Aleksandria. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipolizunguka Ziwa Victoria kwa mashua, aliuona Mto Simiyu akautangaza kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Siku hizi heshima hiyo imepewa vijito vya Burundi. Swali lenyewe lilikuwa la kale: zaidi ya miaka 2,300 kabla ya Stanley, Mgiriki aitwaye Herodotus alifika Misri akawauliza Wamisri, Walibya na Wagiriki wenzake Nile inaanzia wapi. Hakupata jibu la kuaminika.

Basi ukifungua kitabu cha Herodotus ukiwa Bariadi, unakuta mtu anaulizia habari za nyumbani kwako. Hiyo peke yake ni sababu ya kumsikiliza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwalimu wa Maswa, mwanafunzi wa Lamadi, karani wa chama cha ushirika (AMCOS) cha Itilima, mkulima wa Meatu mwenye simu na saa moja ya jioni. Shika jambo moja tangu mwanzo: majibu mengi ya watu hawa wa kale yamepitwa na wakati, na mengine yalikuwa mabaya tangu siku yalipotolewa. Cha kuchukua kwao ni namna ya kuuliza, kupima na kudai hesabu hadharani. Ndiyo maana sehemu nyingi hapa chini zina kazi ya kufanya, maana kusoma tu hakutoshi.

1. Anza na vitabu vilivyo karibu

Kama nyumbani kuna Biblia, tayari unayo maandishi yaliyotungwa kwa Kigiriki: Agano Jipya lote. Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 17. Utamkuta Paulo mjini Athens akibishana na wanafalsafa wa Kiepikurio na wa Kistoiko, kisha akisimama Areopago na kuwajibu kwa kuwakumbusha maneno ya washairi wao wenyewe. Soma sura hiyo kama kisa cha mgeni aliyejifunza fikra za wenyeji kabla ya kuwapinga.

Kama umelelewa katika Uislamu, mlango wako ni Baghdad. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq na wenzake walihamisha vitabu vya tiba na falsafa kutoka Kigiriki kwenda Kisiria na Kiarabu. Baadaye Ibn Sina na Ibn Rushd walimsoma Aristotle kwa undani kiasi kwamba wanazuoni wa Ulaya walimjua Aristotle kwa msaada wa maelezo yao.

Kitabu cha pili ni *Juliasi Kaizari*, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika. Kisa cha Kaisari kilimfikia Shakespeare kwa njia ndefu. Plutarch, Mgiriki aliyeishi chini ya utawala wa Roma, aliandika maisha ya Kaisari na Brutus zaidi ya karne moja baada ya vifo vyao; Jacques Amyot akayatia Kifaransa; Thomas North akayatoa Kifaransa kuyatia Kiingereza mwaka 1579; Shakespeare akayageuza mchezo wa jukwaani; Mwalimu akaufikisha kwetu. Sophocles naye anapatikana kwa lugha yetu katika *Mfalme Edipode*, kazi ya Samuel Mushi. Vyote viwili ni vya kutafuta kwenye maktaba za shule, vyuo na kwa wauza vitabu vya mtumba.

Vingine vingi vipo kwa Kiingereza bila malipo katika maktaba ya mtandaoni iitwayo Project Gutenberg, kwa kuwa hakimiliki za tafsiri hizo zimekwisha. Faili ni nyepesi. Pakua mara moja, usome bila bando. Ukisoma peke yako, fuata mpangilio huu: hadithi za Aesop kwanza, halafu kitabu cha pili cha Herodotus kinachohusu Misri, halafu utetezi wa Socrates ulioandikwa na Plato, halafu kijitabu cha Epictetus. *Jamhuri* ya Plato na *Siasa* ya Aristotle viache hadi mwaka wa pili. Wengi walioanzia huko waliishia kurasa za mwanzo.

2. Soma hadithi zao ukiwa na za kwako mkononi

Msukuma anayemjua Masala Kulangwa ana nusu ya kazi mkononi. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto wake alikua, akaliua zimwi, akalipasua tumbo na watu wakatoka wazima. Sasa msome Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa karibu karne ya 8 au ya 7 kabla ya Kristo. Kwake yeye Kronos anawameza watoto wake mmoja mmoja akiogopa kupinduliwa. Mama yao, Rhea, anamficha wa mwisho, Zeus, kisiwani Crete, na kumpa Kronos jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto. Zeus anakua, na Kronos analazimika kuwatapika wote.

Kazi yako: chora safu mbili kwenye daftari, uandike yanayofanana na yanayotofautiana. Nani anameza, mgeni wa kutisha au baba mzazi? Waliookolewa wanamlipa nini mwokozi wao? Simulizi nyingi za Masala Kulangwa zinamtaja bikizee aliyekatwa sikio wakati zimwi linapasuliwa, akamwekea kinyongo kijana aliyemwokoa. Zeus naye anaishia kuwa mtawala mwenye kuogopa kupinduliwa kama baba yake. Hapo hadithi mbili zinazungumza jambo la siasa: ukombozi huleta madai mapya, na mkombozi si mtakatifu.

Ukipata safari ya Mwanza kupitia Lamadi na Magu, teremka Kisesa uende Makumbusho ya Bujora. Kisa cha Shing'weng'we kimo humo. Huko pia utasikia habari za Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindania watazamaji. Ukishaelewa ushindani huo, hutashangaa kusoma kwamba tamthilia za Sophocles na Euripides ziliandikwa kwa mashindano ya sikukuu ya Dionysus, na kwamba waamuzi walitoa mshindi.

3. Pokea habari kama Herodotus

Herodotus aliandika mengi ya ajabu, na si yote yaliyo kweli. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi anakuonyesha habari imetoka wapi: hili nimeliona, hili nimeambiwa na makuhani, hili siliamini. Mwandishi mmoja wa hekalu la Sais alimwambia kuwa Nile inatoka kwenye chemchemi zisizo na kina katikati ya milima miwili. Herodotus aliiandika habari hiyo, akaongeza kwamba alimwona mtu yule kama anafanya mzaha. Kuhusu mafuriko ya Nile alipanga maelezo matatu ya wenzake, akayapinga moja moja, kisha akatoa la kwake. La kwake nalo lilikuwa kosa. Mafuriko yaliletwa hasa na mvua za milima ya Ethiopia. Kwa kuwa aliacha hoja zake wazi, waliofuata waliweza kumsahihisha.

Mkulima wa pamba atapenda pia kujua kwamba huyu huyu, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kuwa India kuna miti ya porini inayozaa sufi nzuri kuliko ya kondoo, na watu wanavaa nguo zake.

Kazi yako: chukua ujumbe mmoja uliosambazwa leo kwenye kundi lako la WhatsApp, iwe dawa ya kienyeji, bei ya pamba au habari ya ajali. Andika chini yake mambo matatu: aliyeuandika alikuwepo? Kama hakuwepo, aliambiwa na nani? Kuna maelezo mengine yanayowezekana? Ujumbe ukikosa jibu la swali la kwanza na la pili, usiusambaze.

4. Pima dunia kwa fimbo

Eratosthenes alizaliwa Kurene, katika Libya ya leo, akawa msimamizi wa maktaba ya Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Alijua kwamba siku jua linapofika kaskazini kabisa, adhuhuri ya Aswan haina kivuli. Siku hiyo hiyo Aleksandria ilikuwa na kivuli, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara. Akazidisha umbali wa miji hiyo miwili kwa 50, akapata mzunguko wa dunia.

Shule ya Simiyu inaweza kufanya hivyo, tena kwa urahisi, kwa sababu jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka. Bariadi iko karibu nyuzi 2.8 kusini mwa ikweta, hivyo jua huwa wima karibu na tarehe 13 Machi na 30 Septemba. Chagua Septemba, mvua zikiwa bado. Tafuta rafiki Songea, mji ulio karibu kusini moja kwa moja kutoka kwetu. Kila mmoja asimike fimbo iliyonyooka ya mita 1, aihakikishe kwa timazi, kisha apime kivuli kila baada ya dakika tano kuanzia saa sita na robo mchana hadi saa saba na robo. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri. Kwetu adhuhuri ya jua huchelewa kupita saa sita, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki zinafuata longitudo 45, iliyo mashariki mwetu.

Bariadi fimbo itakuwa karibu haina kivuli. Songea kivuli kitakuwa kama sentimita 14. Chora pembetatu ya milimita 100 kwa 14, pima pembe kwa protrakta: ni karibu nyuzi 8, yaani sehemu moja ya 45 ya duara. Kwa ramani, umbali wa kaskazini-kusini kati ya miji hii ni kama kilomita 875. Zidisha kwa 45. Unapata kilomita 39,375. Mzunguko wa dunia kupitia ncha zake ni kilomita 40,000 hivi. Mwanafunzi aliyefanya jaribio hili hahitaji tena kuambiwa aamini kuwa dunia ni mviringo.

5. Nenda na Athens kwenye mkutano wa kijiji

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inampa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Athens nayo ilitawaliwa na mkutano wa raia, uliokutana kilimani Pnyx. Kabla ya kuisifu Athens, kumbuka alichokieleza Nyerere katika makala iliyomo kwenye kitabu chake *Freedom and Unity* cha 1966: mjadala ule wa Wagiriki ulikuwa wa watu walio sawa, na wanawake na watumwa hawakuhesabiwa kuwa sawa. Kwa jambo hilo mkutano wa kijiji chako, mama zetu wakiwa wamekaa mbele na kunyoosha mikono, umeipita Athens.

Athens inatupita katika jambo jingine. Afisa yeyote aliyemaliza muda wake alipaswa kutoa hesabu mbele ya wakaguzi waliochaguliwa kwa kura ya bahati, na raia yeyote aliweza kumshtaki. Aristotle, au mwanafunzi wake, anaeleza pia maafisa wa vipimo: watano wa mjini na watano wa bandarini Piraeus, kazi yao kuhakikisha wauzaji wanatumia mizani na vibaba vya haki. Hilo mkulima aliyesimama na mafurushi ya pamba mbele ya mizani ataliona ni habari ya leo.

Kazi yako: mkutano ujao wa kijiji au mtaa, nenda na swali moja lililoandikwa kuhusu taarifa ya mapato na matumizi. Moja tu, lenye kiasi na tarehe. Msimu wa ununuzi ukifika, angalia kama mizani ya kituo chenu ina alama ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo, na kama haina, waulize viongozi wa AMCOS mbele za watu.

Usisahau kwamba mkutano pia hukosea. Mwaka 399 kabla ya Kristo raia wa Athens wapatao 500, wakiwa mahakama, walimhukumu Socrates kifo kwa kosa la kutoiheshimu miungu ya mji na kuwaharibu vijana. Plato anasema kura 30 tu zingehama, angeachiwa. Kikundi chenu kisome utetezi huo kwa sauti jioni mbili, kisha kipige kura ya siri. Mtashangaa jinsi ndugu wa kikundi kimoja watakavyogawanyika.

6. Jifunze kumjua msemaji

Aristotle aligawa ushawishi katika mafungu matatu: sifa ya anayesema, hisia za wanaosikia, na hoja yenyewe. Chukua *Juliasi Kaizari*, fungua mazishi ya Kaisari. Brutus anaanza, anategemea heshima yake, anamaliza na kuondoka. Antonio anabaki na maiti, joho lililotobolewa na wosia wa marehemu. Watu wawili wazisome hotuba hizo kwa sauti, wengine waandike: hapa ni sifa, hapa ni hisia, hapa ni hoja. Mtaona hoja ni chache kuliko mlivyodhani.

Kisha msiache kipande kinachofuata. Umati uliochochewa unamkuta mshairi Cinna njiani na kumuua kwa sababu jina lake limefanana na la mmoja wa wauaji wa Kaisari. Anajitetea kuwa yeye ni mshairi, hawajali. Usukuma unaujua uchungu wa vikongwe waliouawa kwa tetesi za uchawi, na vibaka waliochomwa moto kabla ya mtu kuuliza jina. Ukurasa huo ufundishwe kila sekondari ya mkoa huu.

7. Mpe Epictetus safu ya tatu

Epictetus alikuwa mtumwa, alizaliwa Hierapolis katika Uturuki ya leo, akachechemea maisha yake yote ya utu uzima, akaja kuwa mwalimu ambaye Kaisari wa Roma, Marcus Aurelius, alimsoma. Kijitabu chake kinaanza na mgawanyo: yako mambo yaliyo katika uwezo wako, na yako yasiyokuwamo.

Igeuze kanuni hiyo kuwa safu kwenye daftari. Mvua na bei ya soko la dunia ziandike upande wa yasiyo katika uwezo wako. Kupanda mapema Novemba au Desemba, palizi kwa wakati, kunyunyiza dhidi ya funza wa vitumba, kutochanganya pamba safi na chafu, hayo ni yako. Usiku wa Februari mbingu zikiwa kavu, mgawanyo huu unaokoa usingizi.

Ila ongeza safu ya tatu ambayo Epictetus hakuiweka: yaliyo nje ya uwezo wa mmoja lakini ndani ya uwezo wa wengi. Mizani, malipo yanayocheleweshwa, pembejeo zisizofika. Ukiyaweka hayo pamoja na mvua, falsafa inakuwa dawa ya usingizi kwa anayedhulumiwa.

8. Kataa cha kukataliwa

Aristotle aliandika kwamba wapo watu walio watumwa kwa asili. Mwite mkosaji, uendelee kumsoma kwa mengine. Roma iliishi kwa ushindi wa vita, watumwa na kodi za majimbo; barabara na mabwawa yake usiyasome bila kuuliza nani alibeba mawe.

Kataa pia dhana kwamba ulimwengu huo ulikuwa mali ya Ulaya pekee. Augustine alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo. Septimius Severus, aliyetawala Roma kuanzia 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya. Mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya kwanza aliutaja mji wa Rhapta kwenye pwani yetu, mashua zake za kushonwa, pembe za ndovu, na mabaharia wa Kiarabu waliooa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Tulikuwa ndani ya dunia hiyo.

9. Panga mwaka wako

Fuata kalenda ya pamba. Juni hadi Agosti, fedha zikiwa zimeingia na jioni zikiwa tulivu, kusanya watu watano hadi wanane, msome *Juliasi Kaizari* kwa kugawana wahusika. Septemba fanyeni jaribio la fimbo. Oktoba msome kesi ya Socrates na kupiga kura. Novemba hadi Februari, wakati wa jembe, kila mtu abaki na Epictetus, ukurasa mmoja kwa usiku. Machi hadi Mei rudini kwa Herodotus na hadithi za Aesop, mkizitafsiri kwa Kiswahili au Kisukuma kwa ajili ya watoto.

Kila mwanachama aandike ukurasa mmoja wa kumjibu mwandishi aliyemsoma, kwa kumkubali au kumpinga, na nakala ziwekwe maktaba ya shule iliyo karibu. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia nzima huku akiongoza nchi changa. Ukurasa mmoja kwa msimu hauwezi kumshinda mtu wa Simiyu.